Theluji Niliyoichora Garissa

Kazi yangu ni kuandika mabango na kuchora kuta za maduka. Ukipita mjini Garissa ukaona ngamia kwenye ukuta wa duka la maziwa, au kikombe kinachofuka moshi juu ya mlango wa hoteli, huenda ni kazi ya mkono wangu. Nilisomea uchoraji Nairobi, kisha nikarudi nyumbani kwa sababu wateja nilikuwa nao huku na shangazi yangu alikuwa akiishi peke yake. Wateja wangu wengi ni watu wa dini, na kila mmoja ana mpaka wake. Mwenye bucha mmoja aliniambia, "Mbuzi chora, lakini macho wacha." Nikamchorea mbuzi mnene asiye na macho, akaridhika. Mwingine hataki kiumbe chochote chenye roho, anataka maandishi tu, labda na taa au birika. Sibishani nao. Ukuta ni wao.

Kwa hiyo nilishangaa siku nilipopigiwa simu kutoka Nairobi na mtu aliyetaka kujua kama ninaweza kuchora picha za riwaya. Alikuwa mhariri wa vitabu. Mtu fulani alikuwa amepita mjini akaupiga picha ukuta wangu wa ngamia, akauweka mtandaoni, na mhariri akauona huko. Alisema wanatayarisha riwaya moja ya zamani sana ya Ulaya, iliyofupishwa na kutafsiriwa kwa Kiswahili ili isomwe na wanafunzi wa sekondari.

"Inahusu nini?" nikamuuliza.

"Mjane anayefuga kondoo mlimani, katika nchi ya baridi. Kuna theluji karibu kila ukurasa."

"Mimi niko Garissa."

"Najua, dada. Michoro ya zamani ipo na ni mizuri, lakini ilichorwa kwa ajili ya watu walioijua ile nchi. Wasomaji wetu hawaijui. Nataka mchoraji ambaye naye itambidi aitafute."

Nikakubali kabla sijafikiri vizuri. Siku ile ile akanitumia maandishi ya riwaya na nakala za ile michoro ya zamani.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia. Mwanamke na mumewe wanafuga kondoo juu ya mlima. Inakuja dhoruba, mume anatoka kutafuta kondoo waliopotea, harudi. Theluji inapopungua wanamkuta ameketi kando ya ukuta wa mawe kama mtu anayepumzika. Baada ya mazishi anakuja ndugu wa marehemu. Anataka mjane aolewe naye, au amwachie shamba aondoke. Mjane anakataa yote mawili. Anakaa peke yake na kondoo majira yote ya baridi, wengi wanakufa, na theluji inapoyeyuka yeye bado yuko pale.

Mchoraji wa kwanza alikuwa mtu wa nchi hiyo hiyo, na alikufa zamani. Alikuwa akichonga picha zake kwenye vibao vya mti, kisha vinapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Mistari yake ni myembamba kama unywele. Nilikaa siku nyingi nikiitazama tu, bila kushika penseli. Alijua jinsi mwanga wa kandili unavyotambaa juu ya theluji, na jinsi mbwa anavyojikunja mbele ya moto. Lakini mjane wake sikumwamini. Kila picha ametazama juu, mkono kifuani, nywele zimefumuka kidogo, kana kwamba anangoja aitwe mbinguni. Hata anapobeba ndoo ya maji anaibeba kama ua.

Nikaanza na theluji, nikidhani hiyo ndiyo rahisi. Nilichora vilima, nikavitia kivuli cha kijivu, nikaupiga mchoro picha kwa simu nikamtumia mhariri. Alijibu kwa neno moja: "Jangwa." Nilicheka, maana alisema kweli. Nilikuwa nimechora mchanga wetu wa njia ya Wajir. Nikarudia, ukatokea unga. Nikarudia tena, ikatokea chumvi.

Karibu na soko kuna duka linalouza sharubati na maziwa ya chupa yaliyogandishwa. Nilikwenda nikamwomba mwenye duka nitazame ndani ya friza lake.

"Unatafuta nini?" akaniuliza.

"Ule ukungu mweupe ulioganda pembeni."

"Wa kufanya nini?"

"Nauchora."

Alinitazama, akatazama foleni ya watu nyuma yangu. "Tazama, lakini haraka. Baridi inatoka."

Niliinama. Chupa zilikuwa zimefunikwa nusu, na waya wa kikapu ulikuwa na mto mweupe upande wa juu tu; chini ulibaki mweusi kama ulivyo. Nilifunga mlango wa friza nikarudi nyumbani nikaitazama upya michoro ya yule mzee wa Ulaya. Hakuwa amechora theluji hata kidogo. Alikuwa amechora kile ambacho theluji haikukifikia: upande wa chini wa tawi, kivuli cha ukuta, tumbo la farasi. Sehemu zote nyingine ni karatasi tupu. Tangu hapo nikaacha kuichora theluji, na ikaanza kuonekana.

Nilifanya kazi asubuhi, baada ya swala ya alfajiri mpaka jua linapofika dirishani. Baada ya hapo haiwezekani. Wino hukauka kwenye ncha ya kalamu kabla haujagusa karatasi, na jasho la kiganja hulainisha karatasi hata ukiweka kitambaa chini ya mkono. Ilikuwa ajabu kidogo kukaa katika joto lile nikichora watu waliojikunyata kwa baridi. Nilijaribu kukumbuka baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba, lakini ile si baridi ya kumuua mtu kando ya ukuta.

Kondoo nao walinipa taabu. Mkono wangu ulizoea wa kwetu: mwili mweupe, kichwa cheusi, mkia wa mafuta. Mhariri akaniambia wa huko wana sufu nzito na mkia mwembamba, akanitumia picha. Nilipokuwa nikiwachora upya shangazi yangu alipita nyuma yangu akasimama.

Huyu ni dada wa baba yangu, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa akiuza maziwa sokoni mpaka magoti yalipomshinda, na sasa tunaishi wawili katika uwanja mmoja. Kwa Kisomali shangazi ni eddo, na shangazi naye humwita mtoto wa kaka yake eddo, kwa hiyo sisi wawili tunaitana jina moja kutwa nzima. Nyumbani hatuzungumzi Kiswahili. Maneno yake ninayoyaandika hapa nimeyageuza mwenyewe.

"Eddo, huyu ni mnyama gani?" akaniuliza.

"Kondoo."

"Ana nywele za mtu."

"Ndivyo walivyo huko."

"Na mafuta anayaweka wapi?"

"Hana mkia wa mafuta."

Alimtazama yule kondoo kwa huruma. "Na baridi yote hiyo unayosema? Basi ndiyo maana wanakufa."

Siku hiyo ndipo nilipomwomba anikalie ili nimchore mjane. Nilikuwa nimejaribu kumchora kutoka kichwani na kila mara alitoka kama wa yule mzee, anatazama juu. Eddo alisikiliza, akarekebisha mtandio wake.

"Mgongo chora," akasema. "Mikono chora. Uso hapana. Uso nitaulizwa akhera."

"Sawa."

"Na unisimulie hicho kitabu. Siwezi kukaa kimya kama gunia."

Tukaanza hivyo. Asubuhi baada ya chai aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, palipo na mwanga, na mimi nikaketi nyuma yake au ubavuni. Nilimsomea kwa kugeuza Kiswahili kuwa Kisomali papo hapo, sentensi baada ya sentensi. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimetoka lugha nyingine, kwa hiyo sijui ni kiasi gani cha hadithi kilidondoka njiani. Theluji nilimwambia ni barafu laini inayoshuka kutoka mawinguni kama vumbi, bila sauti. Hilo la kutokuwa na sauti lilimtisha kuliko baridi. Mvua, alisema, angalau huisikia ikija.

Hakujua kwamba alikuwa akinifundisha, wala sikumwambia. Aliketi kama anavyoketi siku zote: magoti yameachana, mikono mapajani na viganja vimetazama juu, mgongo umeegemea mbele kidogo kama mtu anayeweza kuitwa wakati wowote. Alipochoka alijishika kiuno kwa mkono mmoja. Nilivichora vyote hivyo, nikamvika mavazi ya nchi ile, sketi nzito na shali ya sufu, na ghafla mle ndani ya nguo za kigeni kukawa na mtu. Akisubiri maji yachemke, ilikuwa dhahiri anasubiri maji. Akibeba ndoo, unaona uzito wake begani.

Tulipofika sura ya shemeji, Eddo alitaka kuona yule mzee wa Ulaya alivyomchora. Nikampa karatasi. Aliishika mbali na macho yake. Katika picha hiyo mwanamume ana pua kali na nyusi zilizokutana, amesimama ndani ya nyumba, na kivuli chake kimevuka sakafu mpaka kwenye miguu ya mjane.

"Huyu ndiye shemeji?"

"Ndiye."

"Alimfanya nini?"

"Anataka amwoe, au aondoke shambani."

"Hilo nimelisikia. Nauliza alimfanya nini."

Nikarudi kwenye maandishi nikamsomea sura nzima, polepole. Mwanamume alikuja na gunia la unga, mabega yana theluji. Alisema alichokuja kusema. Mjane alikataa. Akaondoka, unga akauacha. Hakuna kingine.

Eddo akanirudishia karatasi. "Aliyechora alimwonea," akasema.

Nilidhani amemaliza, nikachukua kalamu. Lakini aliendelea, mgongo wake umenielekea kama nilivyokuwa nimemkalisha, kwa hiyo sikuuona uso wake.

"Shemeji yangu mimi alikuja baada ya eda kwisha," akasema. "Tulikuwa upande wa Griftu, kule Wajir, mimi na mbuzi na nyumba ya mikeka. Mume wangu alikuwa amekufa kwa homa akiwa njiani kutoka Eldas. Ndugu yake alileta sukari na majani ya chai na mbuzi wa kuchinja. Alisimama nje, hakuingia, akasema yale yaliyompasa kusema."

Kwetu, mwanamume akifa, ndugu yake anaweza kumwoa mjane ili watoto na mifugo visitawanyike. Tunaita dumaal. Watu wengi huiona kuwa ni heshima kwa mwanamke, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Nilijua Eddo alifiwa na mume akiwa kijana. Kwamba aliwahi kuposwa hivyo na akakataa, sikuwa nimeambiwa na mtu yeyote, na nimeishi naye tangu utotoni.

"Alikuwa mtu mbaya?" nikamuuliza.

"Alikuwa mtu mzuri. Ndiyo maana ilikuwa vigumu. Angekuwa mbaya ningemkataa asubuhi na mchana nikala vizuri."

"Sasa kwa nini ulimkataa?"

"Alikuwa na sauti ya marehemu. Sauti ile ile. Akizungumza nje ya nyumba, nilikuwa nageuka. Ningewezaje kuishi nikigeuka kila siku?"

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia sitaki. Watu wakasema nina kiburi. Nikawaacha waseme."

Alikaa kule kiangazi kizima na mbuzi wake, kisha akaja Garissa kwa kaka yake, ambaye ni baba yangu. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Alinieleza hayo bila kupandisha wala kushusha sauti, akauliza kama anaweza kuinuka sasa, magoti yanamuuma.

Mchoro wa shemeji nilioutoa kesho yake ulikuwa tofauti na wa yule mzee. Niliuchora kutoka ndani ya nyumba, nyuma ya mjane. Yeye anaonekana mgongo na mkono mmoja ulioshika ukingo wa meza. Mwanamume yuko kizingitini, kofia mkononi, gunia la unga miguuni, theluji mabegani. Mdomo wake umefunguka kidogo. Mlango hajaufunga, kwa sababu hajui kama ataambiwa aingie.

Mhariri alinipigia simu mara tu alipoupata.

"Huyu mtu ananitia huruma," akasema. "Wanafunzi watachanganyikiwa. Yeye ndiye adui wa hadithi."

"Naomba usome tena ile sura," nikamwambia. "Unionyeshe mahali alipofanya ubaya."

Nikasikia kurasa zikifunguliwa. Alisoma kwa muda mrefu, nikadhani simu imekatika.

"Alizungumza kwa upole," akasema mwishowe. "Na alipoambiwa aende alifunga mlango nyuma yake."

"Ndiyo."

"Basi iache."

Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipokuwa nimekaribia kumaliza. Hapo mhariri akanipigia tena, safari hii kwa adabu zaidi, nikajua kuna jambo.

"Dada, michoro ni mizuri. Lakini mama huyu hana uso. Kila picha ni mgongo, au shali imemfunika, au ameinama."

"Amekataa."

"Nani amekataa?"

Nikamweleza kuhusu shangazi. Hakucheka, na kwa hilo nilimheshimu. Aliniuliza kama kungekuwa na njia ya kumpa mjane uso mara moja tu, katika picha ya mwisho, theluji inapoyeyuka na yeye anatoka nje. Msomaji ametembea naye kitabu kizima, alisema, na angependa amwone kabla hawajaachana. Nilijua anasema kweli.

Nikampelekea Eddo jambo hilo bila kumshawishi. Alikuwa anachambua mchele.

"Wangu hapana," akasema, hakuinua macho. "Wewe una uso."

Mimi suala la picha na dhambi nililiamua moyoni mwangu zamani, na jibu lake nitalitoa mwenyewe nitakapoulizwa. Niliegemeza kioo kwenye dirisha nikaanza kujichora. Shida ni kwamba mjane wa sura ya mwisho ni mtu mzima kuliko mimi kwa miaka mingi, na ametoka kwenye njaa. Kwa hiyo nilijiongezea umri. Nikayashusha mashavu, nikayafukua mabonde ya kando ya macho, nikachora mikunjo miwili kutoka puani hadi pembe za mdomo, nikayaacha macho yabane kama ya mtu aliyetoka gizani. Kichwani nikamfunga kitambaa kwa mtindo wa kule, fundo chini ya kidevu. Iliniudhi kujiona nikizeeka kwa mkono wangu mwenyewe, nikairarua ya kwanza. Ya pili nikaiacha.

Eddo alikuja na vikombe vya chai, akatazama juu ya bega langu. Akaviweka vikombe sakafuni, akavuta kigoda, akaketi.

"Umemwona wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Mama."

Nilifikiri anamaanisha mama yangu, nikataka kumwambia sifanani naye. Lakini alitikisa kichwa.

"Mama yangu mimi."

Bibi yangu huyo, mzaa baba, alikufa kabla sijazaliwa, mbali huko magharibi ya Eldas. Hakuwahi kupigwa picha yoyote, hata ya kitambulisho. Nilikuwa nimesikia habari zake chache: kwamba alikuwa mrefu, kwamba hakupenda kelele, kwamba alijua kuzalisha ngamia. Uso wake hakuna aliyewahi kunieleza, na sikuwahi kufikiria kuuliza.

"Ni mimi, Eddo," nikamwambia. "Nimejiongezea miaka tu."

"Najua. Nimekuona siku zote hizi ukijitazama kwenye kioo." Alileta kidole karibu na karatasi bila kuigusa, chini kidogo ya jicho la kushoto. "Hapa palikuwa na kovu. Ngamia alimpiga teke akiwa msichana."

"Niliweke?"

Alifikiri. Niliona anafikiri kwa uzito, kama mtu anayeamua jambo la nyumba.

"Hapana," akasema. "Huyu wa kitabu hakupigwa na ngamia."

Hakuinuka hapo mpaka adhana ya adhuhuri. Mimi niliendelea kusafisha kalamu ambazo zilikuwa safi tayari. Sijui niite nini nilichokisikia. Nilikuwa nimetembea maisha yangu yote na uso wa mtu nisiyemjua, na yeye ndiye angeweza kuniambia, na asingeniambia kama si ule mlima na kondoo wake wa nywele.

Michoro niliiskani mjini nikaituma, karatasi zenyewe nikabaki nazo. Nilimwambia Eddo naweza kuutia ule wa mwisho kwenye fremu tuutundike. Akasema hatundiki picha chumba anachoswalia. Niuweke kabatini, na akitaka ataniuliza. Ameniuliza mara kadhaa. Huutazama kidogo, kisha hunirudishia.

Vitabu vilikuja kwa basi kutoka Nairobi, vimefungwa kwa karatasi ya kaki. Theluji ilikuwa imetoka vizuri, ingawa kwenye kurasa mbili wino ulizidi na usiku ukawa mweusi kuliko nilivyotaka. Nilimpa Eddo nakala moja. Kitabu hawezi kukisoma, lakini alijua kila picha ni ya wapi. Wageni wa ukoo wakija alifungua ukurasa wa mwisho na kuuliza, "Mnamwona nani?" bila kuwaeleza kitu. Binamu yake mmoja aliutazama kwa muda akataja jina la bibi, akaanza kulia, ikabidi apewe maji. Mama mmoja mzee kutoka Eldas, ambaye alimjua bibi vizuri kuliko wote, aligeuza kitabu huku na huku akasema, "Huyu ni mzungu amefunga kitambaa." Eddo alicheka mpaka akashika ubavu. Baadaye nilimwona akiutazama tena ukurasa ule peke yake, kama anataka kuhakikisha.

Mwalimu wa shule moja ya wasichana hapa mjini alinialika nizungumze na darasa lililokuwa likikisoma kitabu hicho. Nilikwenda na kalamu zangu na vipande vya karatasi, nikawaonyesha jinsi ya kuacha nafasi tupu ili theluji ionekane. Waliuliza maswali ya kawaida, nilijifunzia wapi, mkono hauchoki. Kisha msichana mmoja aliyeketi nyuma akasimama.

"Mwalimu, kwa nini hakuhama?"

Darasa zima likageuka kunitazama. Wengi wao ni watoto wa wafugaji.

"Alikuwa na nyumba ya mawe," nikamwambia. "Na shamba lilikuwa lake."

"Lakini majani yalikuwa chini ya mlima. Kitabu chenyewe kinasema. Kondoo wanakufa na majani yapo chini. Kwa nini hakuwashusha?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba nilikuwa nimekisoma kitabu hicho mara nyingi na sikuwahi kujiuliza. Mwalimu wao akasema waiandikie insha. Wakaguna.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia Eddo. Alipenda swali hilo. Alisema msichana huyo ana akili ya mifugo.

"Wewe ulihama," nikamwambia.

"Nilihama, lakini nilichelewa. Mbuzi walikuwa wamebaki wachache, na wale waliobaki hawakuweza kutembea vizuri. Wenzangu wote walikuwa wameshaondoka kutafuta malisho."

"Kwa nini ulichelewa?"

Alikuwa anakunja kanga iliyokauka. Akaimaliza kuikunja, akaiweka juu ya nyingine.

"Nilidhani atakuja tena," akasema.

Ilinichukua muda kidogo kumwelewa. "Kama angekuja, ungekubali?"

"Sijui. Hakuja. Nilimwambia sitaki, naye ni mtu anayesikia anachoambiwa." Akachukua nguo nyingine. "Alioa pale Griftu, akapata watoto wengi, Mungu awabariki. Bado yu hai. Huwa ananisalimia kupitia watu."

Nilimuuliza kama anataka nimtafutie namba yake ya simu. Akasema namba anayo.